Kufuli Moja, Funguo Mbili

Mapenzi, subira, kuheshimiana: hayo, maharusi, mmeambiwa na shangazi zenu, na imamu ameyaeleza vizuri kuliko ninavyoweza mimi. Kila aliyesimama hapa tangu asubuhi amewakumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hakuna aliyewaambia ufa huo unazibwa kwa kitu gani. Mimi nimekula kwa kuziba nyufa, hapa Makina, Kibera, na kule Kawangware, basi fungu langu la leo ni hilo.

Mjukuu wangu, mnahamia nyumba ya bibi yako. Naijua. Vyumba vinatazamana, ukumbi katikati, kuta za fito na udongo, mabati yameshika kutu hadi kwenye vichwa vya misumari. Wazee wetu, askari wa King's African Rifles, ndio walioanza kuishi hapa, na mwaka 1918 eneo la zaidi ya ekari 4,000 likatangazwa rasmi kuwa lao la kukaa. Ruhusa ya kujenga nyumba za kudumu hawakupewa. Wakakandika udongo wakiambiwa ni kwa muda, na muda huo ukameza vizazi. Hati ilikuja Juni 2017, ekari 288, tena hati ya jamii nzima. Hakuna atakayeuza kipande chake akahamie Rongai. Bwana harusi, wewe umekulia nyumba ya kupanga kule Kawangware. Bati likivuja mlimwita landilodi. Hapa landilodi ni wewe na mke wako.

Sasa nisikilizeni habari ya jirani zangu wa Gatina, kule Kawangware. Majina nayaacha, watoto wao ni watu wazima na wana heshima zao.

Walirithi nyumba ya mbao, kuukuu kama hii yenu. Mume alikuwa kwenye matatu, mke akiuza mitumba soko la Toi. Zamu ya mke kwenye chama ilipofika, alileta pesa zote nyumbani akasema, tuezeke upya. Mume akazichukua akampa ndugu yake, kwa sababu eti ndugu ni fundi. Nyumbani hapakuwa na hata futi ya kupimia. Ndugu alikuja na nyundo moja na hadithi nyingi. Jumatatu ikatakiwa pesa ya kukodi ngazi. Jumanne ya msumeno. Jumatano misumari imekwisha, nayo misumari tangu lini ikaisha kabla ya kazi kuanza? Mke akawa anatoa tu, maana mtu asiye na zana hana neno la kumwambia mwenye zana.

Nitarudi kwao. Kwanza zana, maana mvua za Machi haziko mbali.

Anzeni na za kupimia, kwa kuwa nyumba ya zamani hudanganya macho. Futi ya chuma, pimamaji na timazi. Timazi hata msinunue: uzi wa fundi na nati nzito vinatosha. Shikeni uzi juu ya ukuta, acheni nati itulie, mtazame nafasi iliyopo kati ya uzi na udongo, juu na chini. Ukuta wa bibi upande wa mtaro umeinama. Umeinama kiasi gani, uzi ndio utakaosema. Pembe za chumba mzipime hivi: futi 3 ukuta huu, futi 4 ukuta ule, kisha kutoka alama hadi alama. Mkipata futi 5 kamili, pembe imenyooka. Mkikosa, msikate mbao hata moja kabla ya kujua mmekosa kwa kiasi gani.

Na usawa wa sakafu: tafuteni mpira mwembamba unaopitisha mwanga, jazeni maji, toeni mapovu yote. Mmoja ashike ncha chumba cha mbele, mwingine ashike ncha uani. Maji yatasimama usawa mmoja huku na huku, hata kama kati yenu pana kuta tatu. Kazi hii mtu mmoja haiwezi, na kwa maharusi naipenda kuliko zote. Mmoja anauliza, mwingine anajibu kweli, na atakayedanganya sakafu itamsema.

Chukueni pia bisibisi kuukuu. Chomeni kila nguzo pale inapoingia ardhini. Bisibisi ikigoma, mwacheni mzee wa watu apumzike. Ikizama bila kusukumwa, mchwa wameshakula au mbao imeoza, na nguzo hiyo haipakwi rangi, inabadilishwa.

Za kubomolea: mtaimbo, nyundo yenye makucha ya kung'olea misumari, na tindo. Msizidharau. Tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yalipoingia Kibera kupisha barabara ya kutoka Ngong Road kwenda Lang'ata, niliwaona watu wakihangaika na mabati na mbao zao. Aliyekuwa na mtaimbo aling'oa kwa utaratibu, akabeba bati zima, akaenda kuezeka kwingine. Aliyekuwa hana alivuta kwa mikono mitupu, akabaki na bati lililochanika na viganja vinavyovuja damu. Siku ile niliona nyumba inavyoweza kwenda ikakuachia zana.

Za kujengea ni msumeno wa mbao, mwiko wa mwashi, karai, sepetu na ndoo. Randa na keekee azimeni kwa siku mnayozihitaji. Mafundi wengine watawaambia mpige plasta ya saruji juu ya udongo, nyumba ing'ae. Saruji ni ngumu, udongo unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Haviendi pamoja, na plasta itabanduka kipande kizima. Mkitaka saruji lazima, gongeeni kwanza waya wa kuku ukutani ili plasta ipate pa kushika. Hata hivyo, mimi ningekandika kwa udongo mwekundu uliochanganywa na majani makavu, kama bibi alivyofanya, na pesa ya saruji nikaipeleka kwenye paa na mtaro. Ukuta wa udongo hauuliwi na uzee. Unauliwa na maji yanayotoka juu na maji yanayosimama chini.

Paa, basi. Turudi Gatina.

Mume alimwambia mkewe kwamba pesa zile zimenunua mabati ya geji 28. Wengi hapa hudhani namba kubwa ni bati nene. Ni kinyume: 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Mke hakujua. Mume alijua. Upepo wa Aprili ulipong'oa bati la kwanza, niliitwa nipande nitazame. Nikashika ukingo kwa vidole viwili, ukajikunja. Ilikuwa 32. Mke yuko chini ameshika ngazi, ananiuliza, mzee, vipi huko juu? Nikamwambia ukweli. Akaenda hadwea mwenyewe akauliza bei ya 28 na bei ya 32, akatoa ndogo kwenye kubwa, akazidisha kwa idadi ya mabati. Tofauti ile ilikuwa imemlipia ndugu wa mume deni lake.

Bwana harusi, nitazame. Labda deni lile lilikuwa la haki. Labda ndugu alikuwa karibu kufungwa. Mke yule alikuwa na roho ya kutoa, angeombwa angetoa. Hakuombwa. Tangu siku hiyo kila risiti ilikuwa kesi.

Na ninyi jamaa mliokaa pale nyuma mnaokula kashata, haya yanawahusu. Ndugu wa mume atakayetaka kazi kwenye nyumba hii atataja bei mbele ya wote wawili, iandikwe, na atalipwa kazi ikikamilika. Wajomba wa bibi harusi vilevile. Asiyekubali aje kama mgeni, anywe chai, aende. Sisemi kwa mzaha.

Gatina ilikuwaje mwisho wake? Mume akakopa, akanunua mashine ya kukatia chuma, ya kung'aa, kuonyesha kwamba sasa ni mtu wa ujenzi. Binamu akaiazima, haikurudi, deni likabaki. Mke naye akanunua nyundo na msumeno akavificha chini ya kitanda. Watu wawili nyumba moja, kila mmoja ana nyundo ambayo mwenzake haijui! Chumba cha mke kikawa kikavu, sebule ikawa inavuja. Watoto walikuwa wanahamisha masufuria huku na huku kukinga maji, na walijua wazi mpaka wa mama ni upi na wa baba ni upi. Waliachana, na sikushangaa.

Kwa hiyo nendeni Kamukunji kwa mafundi wa jua kali, mnunue sanduku la bati, lile wanalobeba wanafunzi wa bweni. Zana zote zikae humo. Kufuli moja, funguo mbili, kila mmoja na wake. Ndani muweke daftari: kilichonunuliwa, bei, risiti, nani ameazima na lini. Anayetaka kuazima awaombe wote wawili. Pesa ya nyumba ikae mahali ambapo nyote mnaona salio, na msikope kwenye simu kununua rangi. Rangi ni ya mwisho, hata miaka miwili ikipita.

Mambo mawili yaliyobaki siyajadili. Umeme wa sambaza, ule wa kuunganishwa kinyemela, uliopita juu ya paa lile hamuugusi, wala hampandi na ngazi ya chuma karibu nao, hata mkiambiwa umekatwa. Mwiteni fundi wa stima mwenye leseni. Na mkiletewa mabati ya asbesto yaliyobomolewa kwenye nyumba za zamani, hata ya bure, yarudisheni. Kenya iliyapiga marufuku mwaka 2006. Vumbi lake ukilivuta leo, ugonjwa unaweza kujitokeza mjukuu wako akiwa shuleni.

Jumamosi nitakuja asubuhi tuanze na ukuta wa upande wa mtaro. Bibi harusi atashika uzi juu, bwana harusi atasoma chini. Viatu vya kufunika vidole, na kitambaa cha pua na mdomo, maana vumbi la dari lile ni la miaka mingi. Tutahitaji ngazi ya mbao ya marehemu bibi, ambayo iko kwa mjomba wa bibi harusi, mtaa wa Lindi hapa Kibera, tangu kabla ya Ramadhani. Mjomba, nimekuona umekaa hapo. Ijumaa jioni iwe imefika.