Mkono Umeshonwa, Kazi Je?

Leo tuzungumze habari ya kuumia kazini. Usiseme, "Mimi bado mwanafunzi, hainihusu." Hapa Mwanza wangapi mnalipiwa ada kwa pesa ya samaki? Na likizo ikifika, si wengine mnabeba ndoo za dagaa Mwaloni Kirumba?

Haya, chukua mfano wa kaka anayekata minofu ya sangara kiwandani. Kisu kimeteleza, kimekata kano, ile kamba inayovuta kidole. Anashonwa, anapewa ED. Baada ya wiki mbili hivi nyuzi zinatolewa, kila mtu anasema amepona. Bado! Ngozi imefunga, lakini kano huhitaji kama wiki 12 kabla ya kuaminiwa kwa kazi nzito. Akikimbilia kisu, inaweza kukatika tena. Na akiuficha mkono bila mazoezi aliyoelekezwa, kano inagandamana na nyama za jirani, kidole kinabaki kimepinda kama ndoano.

Katikati ya hayo kuna kazi nyepesi. Mkono mzima unaweza kuandika uzito kwenye daftari au kubandika lebo. Aanze kwa saa chache, aongeze polepole. Mwambie amwombe daktari asiandike "apumzike" tu. Aandike anachoweza na asichoweza: mkono gani, kilo ngapi, mpaka lini. Wenzake watasema anajidekeza, eti. Waache waseme.

Pesa je? Tangu 2015 Tanzania Bara ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya 2008. Mwajiri ndiye anayechangia, mfanyakazi hakatwi hata senti. Mfuko unagharamia matibabu, fidia ya siku za kushindwa kazi, na utengamao, yaani kumsaidia mtu arudi kwenye maisha na kazi. Lakini lazima ajali itolewe taarifa. Bosi akinyamaza, mfanyakazi aende mwenyewe ofisi za Mfuko.

Kwa wavuvi ni ngumu zaidi, tusidanganyane. Wengi hawana mkataba, wanalipwa mgawo wa usiku. Asiyeingia ziwani hapati. Ndiyo maana unamwona mtu anapiga kasia na bendeji mkononi! Kama ni baba yako au kaka yako, mshauri aongee na tajiri wa mtumbwi mapema. Aliyeumia mguu anaweza kushona nyavu amekaa. Aliyeumia mkono ahesabu ndoo alfajiri, dagaa wakishushwa. Mgawo wapatane kabla, mbele ya shahidi.