Takataka za kabini, usitupe ziwani



Ukifika Goma ukapanda boti la usiku kwenda Bukavu, kumbuka jambo moja. Takataka zako zifunge mfukoni. Usizitupe ziwani.

Kwa nini? Ziwa Kivu linatoa maji yake Bukavu, kupitia mto Ruzizi. Kwenye mto huo kuna bwawa la umeme. Chupa na mifuko ya plastiki inasukumwa na maji hadi kwenye mitambo. Mitambo ikiziba, taa zinazimika.

Basi, fanya hivi. Panda na mfuko mtupu. Tia humo maganda ya ndizi, mabaki ya samaki aina ya sambaza na chupa. Pampasi ya mtoto, ikunje uifunge peke yake. Wembe, uviringishe kwenye karatasi, usije ukamkata mama anayefagia. Chungulia chini ya kitanda, usiache kitu. Mkifika bandarini, mkabidhi mfanyakazi mfuko wako. Mwambie: aksanti kwa kazi.

Tunarudia. Takataka zako zifunge mfukoni. Usizitupe ziwani.

Safari njema.