NGOZI NI MOJA, MAVAZI NI MENGI

(Mazungumzo ya kamati ya elimu ya ushirika kwa wanachama na wanakijiji wote wa Kalemela)



Leo tumekusudia kuzungumza juu ya ngozi. Msicheke. Kila mmoja wetu anayo, ng'ombe wetu anayo, na sato wa chakula cha mchana anayo. Lakini hii ngozi ni kitu gani hasa? Na kwa nini ya huyu imeota magamba, ya yule manyoya, na ya mwingine pembe?

Tuanze na msingi. Wanyama wote wenye uti wa mgongo, kuanzia samaki hadi binadamu, wana ngozi ya matabaka mawili. La juu ni jembamba, halina damu. Ukikwaruzwa kidogo usitoke damu, ujue ni hilo tu limeguswa. La chini ni nene, lina nyuzinyuzi imara, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Mavazi yote ya wanyama hutokana na matabaka hayo mawili.

Samaki: magamba ya sato na sangara huota katika tabaka la chini, nayo ni jamaa ya mfupa. Ule ute unaoteleza hutoka tabaka la juu, humkinga na vijidudu. Kambare hana magamba kabisa, ana ute tu. Kamongo naye, maji yakikauka, hujichimbia matopeni, ute wake ukakauka ukamfunika kama gunia, akangoja mvua.

Chura: ngozi yake ni tupu na nyevu. Kwa ngozi hiyo huvuta hewa, na kwa ngozi hiyo hiyo hunywa maji. Basi sumu ikimwagwa kijitoni humwingia upesi. Kwa hiyo tunaomba, bomba la dawa ya pamba lisioshewe mtoni. Chura hula wadudu. Huyo ni kibarua asiyedai mshahara.

Nyoka, kenge na mamba: hawa wanaishi juani, wasingeweza kuwa na ngozi ya chura. Tabaka lao la juu limekuwa gumu kwa kitu kiitwacho keratini. Likumbukeni jina hilo, tutalirudia. Gamba la nyoka ni mkunjo wa tabaka la juu, si kipande cha mfupa kama la sato. Ndiyo maana nyoka hulivua lote kama soksi.

Ndege: hebu mkamateni kuku mumtazame mguu. Magamba yale ni kama ya mjusi. Panda juu kidogo, unakuta manyoya. Manyoya, magamba ya mguu, kucha na ala ya mdomo, vyote ni keratini. Kuku hatoi jasho. Jua likiwaka hutweta mdomo wazi. Mpeni kivuli na maji.

Wanyama wanaonyonyesha: hapa ngozi imefanya kazi kubwa kuliko pote. Imetoa nywele, jasho na mafuta. Hata maziwa, ndugu zangu, yanatoka katika tezi za ngozi zilizokua na kubadilika. Pembe ya ng'ombe ndani ni mfupa, nje ni ala ya keratini. Kwato ni keratini. Miiba ya nungunungu, yule waliyemwinda Banunguli wetu wa Usukumani, ni nywele zilizokuwa ngumu tu.

Sasa tuingie katika shabaha yetu. Yako mambo matatu.

La kwanza ni mali. Kiatu na mkanda hutengenezwa kwa lile tabaka la chini lenye nyuzi. Ukimchoma ng'ombe chapa mgongoni au ubavuni, umeunguza nyuzi hizo mahali pazuri kuliko pote, na kovu halifutiki. Chapa iwekwe shavuni, shingoni au chini miguuni. Kupe nao hutoboa, basi tuogeshe mifugo. Tunapochuna, tutumie kisu chenye ncha ya mviringo, kisha tuiwambe ngozi kwenye fremu kivulini, siyo kuitandaza chini juani. Ngozi yenye matundu mnunuzi huitupia jicho moja tu, akataja bei ya chini.

La pili ni kakakuona. Magamba yake watu wanayatafuta, eti ni dawa, eti ni bahati. Magamba hayo ni keratini. Pembe ya kifaru nayo ni keratini, haina hata mfupa ndani. Kama keratini ingekuwa inaleta utajiri, basi kila anayekata kucha angekuwa tajiri. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kakakuona wa aina zote 8 imepigwa marufuku, na hapa nchini wanyamapori wanalindwa kwa sheria ya mwaka 2009. Ukimwona, mwache apite.

La tatu ni zito zaidi, nasi hatutalisema kwa mafumbo. Rangi ya ngozi yetu hutengenezwa na chembe ndogo zilizo katika tabaka la juu. Mtu mwenye ualbino ana matabaka yale yale, damu ile ile, jasho lile lile. Kinachopungua ni rangi. Hurithi hali hiyo kwa baba na mama wote wawili, hata kama wao ni weusi. Hali hiyo hutokea hata kwa samaki, ndege na panya. Hakuna dawa mwilini mwake, wala hakuna bahati. Hata hivyo, katika Kanda yetu hii ya Ziwa, hasa kuanzia mwaka 2007, ndugu zetu waliuawa na kukatwa viungo kwa uongo huo. Watoto waliogopa kwenda shule. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, lakini sheria peke yake hailindi nyumba usiku. Jirani ndiye anayelinda.

Adui wa kweli wa ngozi isiyo na rangi ni jua, maana huleta saratani. Mtoto mwenye ualbino apewe kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua. Akae mbele darasani, kwa sababu macho yake huona kwa shida. Asipangiwe palizi ya saa sita mchana. Na jina la kumdharau lisitoke vinywani mwetu. Ana jina lake alilopewa na wazazi.

Ndugu wanachama, atakayekuja kuwanong'oneza kwamba kuna utajiri katika gamba, pembe au mwili wa mtu, mwulizeni kwa nini yeye mwenyewe ni maskini. Kisha mpelekeni kwa mtendaji wa kijiji au polisi, siku ile ile.

Anayejua kusoma amsomee asiyejua.