Vitambaa vya Pamba na Mitaro Yetu: Maneno kwa Mafundi wa Nguo, Riruta



Vipande vya poliesta mnavyokata haviozi. Ni plastiki, kama ile mifuko iliyopigwa marufuku mwaka 2017. Mvua ikinyesha huziba mitaro, na maji huingia majumbani. Vipande vya pamba na katani huoza vikawa udongo.

Pamba inalimwa Busia, Kitui na Lamu. Mkonge, Taita Taveta na Kilifi. Ukinunua, mkulima wetu anapata.

Huna hakika na kitambaa? Vuta uzi mmoja, uuchome kando. Pamba hunuka kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka ikawa tone gumu. Mwelezeni mteja kabla hajachagua.

Na vipande vyote viwekwe guniani, si mtaroni.