Barua ya Benki Isifichwe



Aliyeweka nyumba rehani hapotezi haki zake siku anaposhindwa kulipa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, ambayo ni tunda la Katiba mliyoipigania, yaiamuru benki itoe kwanza ilani ya miezi 3 ili mdaiwa alipe malimbikizo. Asipolipa, hufuata ilani ya siku 40 kabla ya kuuza; kisha dalali naye ana yake ya siku 45. Huo ndio muda wa kudai hesabu, kwa maana tangu mwaka 2007 riba inayodaiwa haiwezi kuzidi salio la mkopo lililokuwako siku ulipokwama.

Wengi hunijia mnada ukiwa kesho. Barua zilifichwa kwa aibu, hata mke hajui. Kumbe nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila idhini yake! Mara ngapi tumeshindwa kesi ambayo mke, angalijua mapema, angaliishinda?

Baada ya ibada nitaketi katika ofisi ya parokia. Njoni na barua zote, hata ambazo hazijafunguliwa. Na wenye ndoa, njoni wawili.