Nyumba bila mtu si nyumba bila mwenyewe

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana, Yangambi. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa.)

Ninyi mliofika kwa mtumbwi wa motere kutoka Kisangani, poleni na safari na jua la mto. Ninyi wa hapa Yangambi, aksanti kwa kutupokea kwenu.

Mliniomba niseme juu ya ule mchezo wetu wa kuingia majengo ya zamani, kutembea ndani, kupiga picha na kuzitia kwenye mtandao. Wengi hapa wanaupenda. Mimi pia naupenda, sitawadanganya. Lakini nataka kuanza na kitu kidogo: kitasa cha mlango.

Miaka sita iliyopita tuliingia watatu katika nyumba moja ya zamani mjini Kisangani. Nyasi zilifika madirishani, bati limeanguka upande mmoja. Hatukuvunja kitu, mlango ulikuwa wazi. Mimi ndiye nilikuwa mkubwa wa kundi, na nilikuwa nashughulika na mwanga, natafuta picha nzuri. Mdogo wetu akaona kitasa cha shaba chini kwenye vumbi, akakiokota, akatia mfukoni. Ukumbusho tu. Nilimwona. Sikusema neno.

Tulipotoka, zamu alikuwa anatungoja, na watu wengine wawili pamoja naye. Tukapelekwa polisi. Mifuko ikapekuliwa. Kwangu walikuta telefone, kwa mwenzangu telefone, kwa mdogo wetu kitasa. Sisi wawili tulirudi nyumbani jioni ile ile. Yeye alilala kasho siku tatu, mama yake anamletea chakula asubuhi na jioni. Na zile siku zilikuwa siku za Exetat. Akapoteza mwaka mzima wa masomo.

Kwetu kilikuwa kitu cha kuokota. Kwenye karatasi ya polisi kiliandikwa: wizi.

Juu ya nini nawaambia haya hapa Yangambi? Juu ya sababu wengi wanaotoka mjini wakifika hapa wanafungua kamera na kusema: "Tuko kwenye mji wa mizimu." Wanaona nyumba za matofali za Wabelgiji, ukuta umeota mti, na wanafikiri wamegundua kitu kisicho na mtu. Ndugu zangu, hapa pako na wenyewe. INEAC ilianzishwa 1933, na baada ya uhuru kazi yake ikawa ya INERA, taasisi ya serkali. Hifadhi ya mimea iliyokaushwa ingali hapa, iko na sampuli karibu 150,000. Mwaka 2020, ndani ya msitu huu, ulisimamishwa mnara wa mita 55 wa kupima hewa ya kaboni, msitu unavuta kiasi gani na unatoa kiasi gani. Na wako wazee waliobaki na funguo mfukoni miaka yote ya vita, hata mshahara ulipochelewa. Ukimwambia mzee kama huyo kwamba anaishi kwenye mji wa mizimu, umemtukana.

Sasa tuje kwa sheria, polepole, maana hapa ndipo tunapodanganyana.

Vijana wengi wanasema: "Nyumba ni tupu, basi hakuna kosa." Ni kweli kwamba kodi ya adhabu ya Kongo, ile ya 1940, kwenye kifungu cha 69, inasema juu ya kuingia kwa nguvu, kwa kuvunja, kwa kuruka ukuta au kwa funguo za uongo, ndani ya nyumba inayokaliwa au sehemu zinazoambatana nayo. Inayokaliwa. Lakini wewe uliye nje unajuaje kwamba haikaliwi? Dirisha limevunjika, na chumba cha nyuma mama anapika sombe. Katika mji wetu nyumba nyingi za zamani ziko hivyo: mbele pori, nyuma familia. Ukiruka ukuta, unaweza kuwa umeingia kwa mtu.

La pili ni wizi. Kifungu cha 79 kinasema wazi: anayechukua kwa hila kitu kisicho chake ni mwizi. Hakisemi kitu kikubwa. Hakisemi kitu kipya. Wizi wa kawaida unaweza kufika miaka mitano ya kifungo. Ukiwa umevunja au umeruka ukuta ili uibe, adhabu inaweza kufika miaka kumi. Na yule anayepokea kitu akijua kimeibwa, naye yuko na kifungu chake. Kwa hiyo usimwambie rafiki: "Niwekee hiki kwako mpaka kesho."

La tatu ni kuharibu. Kuandika jina lako ukutani, kuvunja kioo ili picha ipendeze, kung'oa ubao upate njia: majengo yanalindwa na sheria hata yakiwa yamezeeka. Na tangu 1971 kuna sheria nyingine inayolinda mali ya utamaduni.

La ine ni mwenyewe. Jengo lililoachwa Kongo, mara nyingi ni la serkali, au la kampuni iliyofunga, au la familia zinazoshitakiana mbele ya tribunali. Ile nyumba ya kitasa ilikuwa ya namna hii: ndugu wanaigombania, kila upande unaogopa mwingine atachukua hata msumari. Sisi tukaingia katikati ya vita vyao na telefone zetu. Nyumba bila mtu si nyumba bila mwenyewe. Shikeni hilo tu, hata mkisahau namba za vifungu.

Na kuna hatari ambazo hazingoji polisi. Sakafu ya mbao iliyooza haitoi onyo. Mashimo ya choo ya zamani yamefunikwa na nyasi. Mapaa ya zamani ya eterniti yako na vumbi baya kwa mapafu, usiyavunje. Na kwa Kisangani, msisahau Juni 2000. Majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya mji wetu, makombora yakaanguka kwenye mitaa yetu. Chuma usichokijua ndani ya nyumba ya zamani, usikiguse, usikipige teke, usikisogeze ili upate picha. Toka, mwambie shefu wa mtaa.

Mtaniuliza: yaya, na wakinishika? Basi sikia. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 18: ukikamatwa, uambiwe papo hapo sababu, kwa lugha unayoelewa. Uko na haki ya kuwasiliana mara moja na familia yako au mwanasheria wako. Kukaa mikononi mwa polisi kusipite saa 48. Zikiisha, uachiliwe au upelekwe mbele ya wakubwa wa sheria wanaohusika. Mdogo wetu alilala siku tatu kwa sababu hakuna kati yetu aliyejua kuhesabu saa. Hesabu saa. Ongea kwa heshima, usikimbie, usitupe kitu. Usitie sahihi kwenye karatasi usiyoisoma. Na makuta yoyote yanayoombwa bila karatasi ya serkali ya kupokea, omba kwanza hiyo karatasi.

Je, nasema tuache? Hapana. Nataka tubadilishe namna.

Hapa Yangambi, kuanzia 1937 mpaka miaka ya 1950, wafanyakazi walitembea msituni wiki kwa wiki, wanaandika miti: huu unatoa maua, huu matunda, huu unaangusha majani. Mamia ya aina za miti. Daftari zilikaa miaka mingi, karatasi za njano ambazo mtu angeweza kuwashia moto. Baadaye watafiti walizipiga picha, na watu wa kujitolea wakasaidia kuzinakili kupitia intaneti. Leo zinasaidia kuelewa msitu huu unavyoishi na hali ya hewa. Fikirini kijana mmoja angepita miaka thelathini iliyopita na kuchukua daftari moja kwa ukumbusho. Angechukua miaka ya jasho la babu wa mtu fulani hapa.

Basi tufanye hivi. Kwanza tunatafuta mwenyewe, tunaomba ruhusa ya maandishi, tunaonana na shefu wa mtaa. Hakuna ruhusa, tunapiga picha kutoka barabarani, na kama ni kambi ya jeshi, bandari au uwanja wa ndege, hata hiyo picha tunaiacha. Hatuendi usiku, hatuendi peke yetu. Tunapiga picha na kuandika: tarehe, mahali, paa likoje, nini kimebaki. Hatuonyeshi kwenye mtandao njia ya kuingilia wala vitu vya thamani, maana wauza shaba nao wanatazama. Na nakala ya picha tunampa mwenyewe, awe na ushahidi wa kile alichonacho kabla hakijapotea.

Na mkubwa wa kundi, usiwe kama mimi. Ukimwona mdogo wako anainama kuokota kitu, acha picha, sema naye.

Kesho asubuhi tutatembea hapa, na papa mmoja mwenye funguo amekubali kutuongoza. Barua ya ruhusa iko kwangu, anayetaka aisome. Mlangoni tutaonyeshana mifuko tukiingia, na tutaonyeshana tena tukitoka.