Dawa Isizae Msiba



Tumekusanyika kutafakari kazi iliyoenea katika vikundi vyetu vya akina mama na vijana: kutengeneza dawa, sabuni na mafuta kwa mwarobaini, mlonge na mshubiri. Kazi hii ni halali, nayo imewalipia watoto wengi ada. Hata hivyo, wengi wetu huamini kwamba kitokacho mtini hakina madhara. Huenda jani lenyewe lisidhuru. Njia ya kuligeuza kuwa bidhaa yaweza kuua.

Tuanze na spiriti ambamo majani hulowekwa ili kutoa nguvu ya dawa. Alkoholi safi hutoa mvuke uwezao kuwaka tangu joto la nyuzi 13 tu. Basi mahali penye nyuzi 28, chombo kilicho wazi ki tayari kushika moto mchana kutwa. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni bila kuonekana mpaka ukutane na jiko la mkaa, kibatari au cheche ya swichi, kisha moto hurudi ulikotoka mvuke. Kuchemsha spiriti juu ya moto wazi ni kualika kifo nyumbani.

Pili ni vumbi. Majani makavu yaliyosagwa laini, yakitimka ndani ya chumba kilichofungwa na kukuta cheche, huweza kulipuka. Vumbi lililotua juu ya boriti huwa akiba ya mlipuko wa pili, ambao mara nyingi hushinda wa kwanza kwa ukubwa. Hata lisipolipuka, huingia mapafuni mwa msagaji siku baada ya siku.

Tatu ni kostiki ya sabuni. Kostiki hutiwa katika maji baridi, kidogo kidogo. Kamwe maji yasimwagwe juu ya kostiki, kwani huchemka ghafla na kuruka machoni.

Tufanyeje? Mwaka 1974, huko Flixborough, Uingereza, mvuke uliovuja kiwandani ulilipuka ukaua watu 28. Baada ya msiba ule, mhandisi Trevor Kletz alisisitiza fundisho jepesi: kitu kisichokuwapo hakiwezi kuvuja. Kwa hiyo tujiulize kwanza kama maji yanaweza kutumika badala ya spiriti, ijapokuwa dawa ya maji huharibika upesi. Kama spiriti ni ya lazima, chumbani iwepo ile ya kazi ya siku moja tu, na pipa likae katika ghala la nje lenye kupitisha hewa. Kisha tutenge kila moto mbali na mvuke, tufagie vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, na tumfundishe kila mtu kazi yake. Miwani, glavu na vitambaa vya pua ni vya lazima, lakini huja mwisho, baada ya hatari yenyewe kupunguzwa.

Hapa ndipo haki inapoingia. Tumeona mara nyingi mambo yakigeuzwa: mwenye mradi humpa kibarua kitambaa cha kufunga pua, akadhani ametimiza wajibu. Abebaye hatari ni yule asiyeweza kukataa, yaani mjane na kijana asiye na ajira. Faida huenda kwa mwingine. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alihesabu miongoni mwa haki za wafanyakazi mazingira na njia za uzalishaji zisizodhuru afya zao. Sheria za usalama na afya mahali pa kazi, ya Tanzania ya mwaka 2003 na ya Kenya ya mwaka 2007, nazo humwajibisha mwajiri. Usalama basi si fadhila ya mwenye mali. Ni deni lake.

Tukirudi katika jumuiya zetu, tujadiliane:

1. Katika kikundi chetu, spiriti huwekwa wapi, na moto uko umbali gani?

2. Ni nani afanyaye kazi ya hatari kuliko zote, na je, aliulizwa maoni yake?

3. Ni hatari gani moja tunayoweza kuiondoa kabisa kabla ya mwezi kwisha?

Ajali haina kinga, husema wahenga. Lakini ajali iliyoonekana ikija, tukanyamaza, hiyo ni dhambi yetu sote.